Tumchague mwenye dosari, lakini tusizifiche dosari zake

Mhariri,

Kwa majuma kadhaa sasa wasomaji wenzangu wamekuwa wakilumbana kuhusu uchaguzi wa urais wa Kenya wa tarehe 10 Agosti 2027. Upande mmoja wapo wanaosema kwamba hawatajisumbua kupanga foleni kituoni, kwa kuwa miongoni mwa wote wanaotajwa hakuna aliye safi. Upande wa pili wapo wanaotaka tumuunge mkono yeyote atakayeonekana na nguvu za kumwondoa aliyepo, na wanamkemea kila anayethubutu kutaja mabaya ya huyo watakayemwunga mkono, wakidai kwamba anaharibu umoja wa upinzani. Ninaona kwamba pande zote mbili zimekosea, na kosa la upande wa pili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu nchi yetu imekwisha kulilipia gharama kubwa.

Wanaolalamika kwamba hakuna aliye safi hawazungumzi ovyo. Rais aliye madarakani, William Ruto, anabeba mzigo wa Mswada wa Fedha wa 2024 wa kuongeza kodi, ambao Bunge liliupitisha tarehe 25 Juni kwa kura 195 dhidi ya 106 huku vijana wakipigwa risasi nje ya lango, na ambao yeye mwenyewe alikataa kuutia sahihi siku iliyofuata baada ya damu kumwagika. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu zaidi ya watu 50 waliouawa katika maandamano ya majuma yale. Kati ya wanaotajwa kumkabili yumo aliyekuwa waziri katika serikali ya Moi na baadaye makamu wa rais wa Kibaki. Yumo aliyekuwa naibu wa rais katika serikali hii hii, ambaye alipokuwa ofisini aliifananisha serikali na kampuni yenye wenye hisa. Yumo aliyesimamia wizara ya usalama miaka ambayo mashirika ya kutetea haki yalilalamika kuhusu mauaji yaliyofanywa na polisi. Na yumo aliyekuwa Jaji Mkuu, mtu aliyefuta uchaguzi wa rais mwaka 2017 na kuheshimiwa na wengi kwa hilo, ila hajawahi kuwania kiti chochote cha kisiasa. Hata yeye basi ana upungufu wake, kwani uadilifu peke yake haupeleki mawakala katika kila kituo cha kupigia kura kutoka Vanga hadi Mandera.

Wengi wetu tulidhani kwamba Katiba ya 2010 ingetufanyia kazi ya kuchuja. Sura ya Sita inazungumza kwa lugha nzuri kuhusu uongozi na maadili, na niliposoma rasimu yake kwa mara ya kwanza niliamini kwamba enzi ya kuchagua watu wenye kesi ilikuwa imekwisha. Lakini Kifungu cha 99, ambacho kinamhusu pia mwaniaji wa urais, kinamzuia aliyehukumiwa kifungo cha miezi sita au zaidi, kisha kinaongeza kwamba hazuiwi mpaka nafasi zote za rufaa ziwe zimekwisha. Katika nchi ambako kesi moja huweza kudumu miaka kumi, wavu wenye matundu ya namna hiyo haunasi mtu. Mwaka 2013 watu wawili waliokuwa wakikabiliwa na mashtaka katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, Uhuru Kenyatta na William Ruto, waliungana katika tiketi moja. Wananchi walipokwenda Mahakama Kuu kuuliza kuhusu uadilifu wao, walijibiwa kwamba mahakama hiyo haikuwa na mamlaka juu ya suala hilo, na wagombea hao wawili wakashinda uchaguzi. Kesi zao zilikoma baadaye, moja mwezi Desemba 2014 na nyingine mwezi Aprili 2016, bila yeyote kupatikana na hatia. Sirejelei haya ili kuwahukumu upya, bali kuonyesha kwamba kazi ya kuchuja imebaki mikononi mwa mpiga kura, na hakuna taasisi nyingine itakayoifanya kwa niaba yake.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaotaka kukaa nyumbani. Mwaka 2022 wapiga kura waliosajiliwa walikuwa 22,120,458. William Ruto alitangazwa mshindi kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Raila Odinga, yaani tofauti isiyofika robo milioni. Waliosajiliwa lakini hawakupiga kura walikuwa zaidi ya milioni saba na nusu, na hivyo idadi yao iliwazidi waliomchagua rais. Hakuna aliyewauliza kwa nini walibaki nyumbani, na hakuna mkutano wowote wa baraza la mawaziri ambao ajenda yake imewahi kuwa ujumbe wa waliosusia kimyakimya. Kususia kwa mpango, kama upinzani ulivyofanya katika marudio ya Oktoba 2017, ni jambo tofauti, kwa sababu kuna anayesimama na kulieleza. Lakini mtu mmoja mmoja anayeamua kulala siku ile, hata kama amekasirika kwa haki, huwaachia wengine kalamu yake.

Hebu tutazame tulikotoka. Mwaka 1992 wapinzani wa Moi walikuwa na kura za kutosha kumwondoa. FORD, chama chao kikuu, ilipasuka ikawa FORD-Kenya na FORD-Asili, Kibaki akiwa pembeni na chama chake cha DP, na kila kundi likawa na hakika kwamba kiongozi wa kundi jingine ana madoa yasiyovumilika: huyu alikuwa na KANU, chama tawala, mpaka juzi, yule ni mzee mno, mwingine ni mkaidi na afya yake imedhoofika. Moi akarudi Ikulu kwa asilimia 36 hivi za kura. Mwaka 1997 mambo yakawa yale yale, naye akarudi kwa asilimia 40 hivi. Miaka kumi ya maisha ya taifa ilipotea kwa sababu, pamoja na mengine mengi, kila upande ulisubiri mtu asiye na kasoro ambaye kwa bahati njema angetoka kwao.

Kisha ukaja mwaka 2002, na huo ndio ninaotaka tuukumbuke kwa utulivu, kwa maana kila anayehimiza umoja huutaja bila kuumaliza. Tarehe 14 Oktoba, katika uwanja wa Uhuru Park, Raila Odinga alitamka maneno mawili, Kibaki tosha, na umati ukayapokea. Huyo Kibaki hakuwa malaika. Alikuwa Waziri wa Fedha kwa miaka mingi tangu enzi za Mzee Kenyatta, akawa makamu wa rais wa Moi kwa miaka kumi, kuanzia 1978 hadi 1988, na alibaki katika baraza la mawaziri wakati wakosoaji wa serikali walipokuwa wakitiwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka. Alijiondoa KANU mwezi Desemba 1991, baada ya Kifungu cha 2A, kilichoruhusu chama kimoja tu cha siasa, kufutwa, wakati ambapo wengine walikwisha kupigwa na kufungwa kwa kudai kifutwe. Pamoja naye jukwaani walikuwa mawaziri waliotoka KANU muda mfupi tu kabla. Katika karatasi hiyo hiyo ya kura lilikuwapo jina la James Orengo, mtu aliyekuwa mstari wa mbele katika kudai mageuzi bila kuwahi kuwa waziri wa Moi. Hakupata hata asilimia moja.

Je, tulikosea? Ninaamini hatukukosea, na ninalisema bila kusitasita. Kibaki alipata zaidi ya asilimia 60, akaapishwa tarehe 30 Desemba akiwa katika kiti cha magurudumu kutokana na ajali ya barabarani, na Januari 2003 watoto zaidi ya milioni moja ambao hawakuwa shuleni wakaingia darasani bila karo. Kwa mara ya kwanza tangu uhuru, chama tawala kiliondoka kwa kura na rais wake akaenda nyumbani akiwa hai na kuheshimiwa. Aliyesusia siku ile kwa sababu Kibaki aliwahi kumtumikia Moi hakuchangia lolote katika hayo.

Lakini kosa lilikuja baadaye, na lilitokana na namna tulivyomwunga mkono. Katika kampeni tulikuwa tumeacha kabisa kuuliza maswali. Aliyeuliza kuhusu mawaziri wa zamani wa KANU waliojaa katika NARC, muungano uliomsimamisha Kibaki, aliambiwa asiwe mtoboaji wa mtumbwi, na aliyetaka kujua yaliyoandikwa katika mkataba wa maelewano kati ya vigogo aliambiwa kwamba hayo ni ya wakubwa. Tuliahidiwa katiba mpya katika siku mia moja, na siku hizo zikapita. Mkataba ambao wananchi hatukuuona ukavunjwa, na kwa kuwa hatukuwa sehemu yake hatukuwa na mahali pa kudai. Wanaharakati wengi waliokuwa wakiikemea serikali ya Moi walipewa kazi katika serikali mpya, na sauti zao zikapungua wakati ambapo zilihitajika zaidi. Kufikia 2004 kashfa ya Anglo Leasing, ya mikataba hewa ya serikali, ilikuwa mezani. Mwezi Februari 2005 John Githongo, aliyekuwa ameteuliwa kupambana na ufisadi kutoka ndani, akajiuzulu akiwa ughaibuni. Mwezi Novemba mwaka huo huo nchi iligawanyika katika kura ya maamuzi kuhusu rasimu ya katiba, na miaka miwili baadaye, jioni ya tarehe 30 Desemba 2007, tukashuhudia kiapo cha harakaharaka cha Kibaki kilichofuatwa na vifo vya watu zaidi ya 1,100. Sidai kwamba kunyamaza kwetu mwaka 2002 ndiko kulikosababisha vita vya 2008, maana sababu zilikuwa nyingi na nyingine zilikuwa za zamani sana, hasa za ardhi. Ninachosema ni kwamba serikali isiyoulizwa maswali na marafiki zake katika mwaka wa kwanza huzoea kutoulizwa, na ikishazoea, maswali ya mwaka wa tano huyachukua kama uadui.

Majirani zetu wa Tanzania walipitia jambo linalofanana na hili mwaka 2015. Viongozi wa CHADEMA, chama cha upinzani, walikuwa wamelitaja jina la Edward Lowassa katika orodha ya mafisadi iliyosomwa hadharani Mwembe Yanga, Dar es Salaam, mwezi Septemba 2007, na miezi michache baadaye akajiuzulu uwaziri mkuu kutokana na sakata la Richmond, la mkataba wa umeme. Baada ya jina lake kukatwa na CCM, chama tawala, mjini Dodoma, alihamia upinzani mwezi Julai 2015 na kupewa tiketi ya urais, naye Dkt. Willibrod Slaa, ambaye ndiye aliyeisoma orodha ile, akajiondoa katika siasa za vyama. Lowassa alipata karibu asilimia 40, kiwango ambacho mpinzani wa urais hakuwa amekifikia huko tangu vyama vingi virudi. Siwalaumu hata kidogo waliompigia kura. Wengi wao walipima na kuona kwamba nafasi ya mabadiliko ilikuwa kubwa kuliko dosari ya mtu. Lakini chama kilichojijenga kwa miaka minane kwa kupinga ufisadi kililazimika kujifanya kuwa hakikusema kilichosema, na mwezi Machi 2019, Lowassa aliporudi CCM, chama hicho kilibaki bila mgombea yule na bila hoja ile. Wangeweza kusema waziwazi kwamba tuhuma zipo pale pale, kwamba wamempa tiketi kwa sababu zifuatazo na kwa masharti yafuatayo, na mpiga kura mzima angewaelewa.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na msemo huu ndio unaorushwa kwa kila anayesita. Mimi nimelima, na ninakubali kwamba msimu haumsubiri anayetafuta jembe kamilifu. Lakini sijaona mkulima anayelazimika kuwaambia jirani zake kwamba jembe lake lililopinda limenyooka, na ndivyo tunavyotakiwa kufanya katika kampeni zetu.

Sasa, ni dosari zipi zinazovumilika? Hapa ndipo mjadala wetu unapokosa makini, kwa sababu tunazirundika zote pamoja kana kwamba zina uzito mmoja. Kuna udhaifu wa mtu, kama vile kusitasita, kubadilisha vyama, kuzungumza vibaya, au kutokuwa na mvuto jukwaani. Hayo yanaudhi, lakini nchi inaweza kuishi nayo. Kuna tuhuma za mali ya umma, na hizo zinahitaji kupimwa kwa ushahidi uliopo, kwa maelezo yake mwenyewe, na kwa watu anaoendelea kuandamana nao. Kisha kuna jambo ambalo kwangu halina mjadala: dalili kwamba mtu huyu akiingia hatatoka, au atavunja vyombo vinavyoweza kumtoa. Anayedharau amri za mahakama, anayetaka tume ya uchaguzi, IEBC, iwe mali yake, anayewatuma vijana wa kukodi kuvuruga mikutano ya wengine, au anayeanza kuwapima wananchi kuhusu mihula miwili iliyowekwa na Kifungu cha 142, huyo simpigii kura hata kama sera zake za kilimo na afya ni nzuri kuliko za wote. Sababu ni kwamba makosa mengine yote ya kuchagua yanaweza kurekebishwa baada ya miaka mitano, ila kosa la kumchagua mtu anayefunga mlango wa kurekebisha.

Kwa kipimo hicho ninawaomba vijana wa Gen Z, ambao walisimama barabarani mwaka 2024 bila kiongozi na bila chama, walitazame upya neno lao la wantam, yaani rais aliyepo atawale muhula mmoja tu. Ninaelewa lilikozaliwa, na hasira iliyomo ndani yake ni ya haki. Hata hivyo linasema nani aondoke bila kusema ni nani aingie, na sisi tuliowahi kuimba kwamba Moi lazima aende tunajua kwamba maneno ya namna hiyo huwafaa sana wanasiasa wanaotaka kupita bila kukaguliwa. Ikiwa mwaka 2027 mtamwunga mkono mmoja wa wanaotajwa, mwulizeni kwanza alikuwa wapi tarehe 25 Juni 2024, alisema nini juma lile, na atawafanya nini maafisa waliotajwa katika mauaji na utekaji nyara.

Liko jambo jingine ambalo wanaotuhimiza tufunge macho hawalitaji. Uchaguzi wa sasa si wa mwaka 1992, wakati ambapo aliyewazidi wenzake alishinda hata kwa theluthi moja. Kifungu cha 138 kinamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, la sivyo kuna duru ya pili kati ya wawili wa kwanza ndani ya siku thelathini. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta alivuka nusu kwa takriban kura 8,000 tu. Mwaka 2022 Ruto aliivuka kwa takriban 70,000. Maana yake ni kwamba katika duru ya kwanza mpiga kura anaweza kumchagua anayemwamini zaidi bila kumkabidhi ushindi anayemwogopa, mradi kura hizo zisaidie kuzuia yeyote kufika nusu. Hesabu hiyo haina uhakika wa asilimia mia, kwani hatujawahi kufika duru ya pili, na upinzani uliogawanyika hukosa mawakala na fedha za kulinda kura. Lakini hofu ya kwamba kila kura isiyo ya mgombea mkuu ni zawadi kwa serikali haina msingi iliokuwa nao wakati wa Moi, na si haki kuwatisha watu nayo.

Kwetu huku Pwani tuna sababu ya ziada ya kutaka masharti yaandikwe. Mwaka 2022 mgombea mmoja alizunguka akiahidi kwamba shughuli za bandari zilizohamishiwa bara zingerudi Mombasa, na siku ya kuapishwa kwake, tarehe 13 Septemba, alitoa agizo hilo. Nalitaja ingawa sikumpigia kura, kwa kuwa ahadi ile ilikuwa wazi, ilisemwa hadharani na ilikuwa na kipimo, na kwa hiyo ilitekelezeka na kudaiwa. Linganisheni na ahadi za ardhi, ambazo kila mgombea tangu uhuru ametupa kwa maneno ya jumla: suala la maskwota litashughulikiwa, dhuluma za kihistoria zitaangaliwa. Hakuna anayesema shamba lipi, la nani, kwa sheria ipi na kufikia mwaka gani, na ndiyo maana hakuna anayeweza kumshika. Wakija mara hii, wazee wetu na viongozi wa dini wasikubali kuwavisha vilemba mpaka haya yaandikwe na kusomwa mbele ya watu, sio kufungiwa katika mikataba ya hotelini.

Ninajua kwamba watakaonisoma wapo wanaoona kwamba kutaja madoa ya mgombea wetu wakati wa kampeni ni kumpa adui silaha. Adui anazo tayari, Mhariri. Anayajua madoa hayo kuliko sisi na atayatangaza usiku wa kuamkia uchaguzi. Asiyeyajua ni mpiga kura wa kawaida, ambaye anastahili kuyasikia mapema kutoka kwa wanaomwomba kura, pamoja na sababu zao za kuamini kwamba bado mtu huyo anafaa.

Nina ombi kwa gazeti lako. Mwaka 2017 mdahalo wa urais ulifanyika Uhuru Kenyatta asipofika, na Raila Odinga akajibu maswali peke yake. Mwaka 2022 Raila hakufika, na Ruto akawa peke yake. Ikiwa wagombea wataendelea kukwepa kuulizwa pamoja jukwaani, naomba mchapishe, kuanzia sasa na kwa Kiswahili ambacho kila mtu sokoni atakisoma, rekodi ya kila anayetangaza nia: alivyopiga kura bungeni ikiwa aliwahi kuwa mbunge, kesi zilizomkabili na zilivyoishia, ripoti za mkaguzi mkuu wa hesabu kuhusu wizara au ofisi aliyoisimamia, na ahadi alizowahi kutoa kwa kila eneo pamoja na tarehe zake. Mwacheni kila mmoja ajibu katika ukurasa huo huo kwa nafasi iliyo sawa, na asiyejibu, nafasi yake iachwe tupu chini ya jina lake.

Mwalimu mstaafu,
Kilifi